Aliyekalia Internet

Siku ya kwanza Huguette kumwona Hippolyte, alimkuta ameikalia internet.

Ilikuwa asubuhi bandarini Kalemie. Boti ya kutoka Kigoma ilikuwa imeshafunga gati, na wachukuzi walikuwa wakishusha magunia ya unga, katoni za sabuni na ndoo za plastiki zilizopachikwa moja ndani ya nyingine. Kila mwenye mzigo alikuwa akipayuka jina lake kana kwamba mzigo una masikio. Huguette alipita katikati ya msongamano huo akiwa amekunja kitenge chake cha buluu hadi chini ya magoti, maana tope la bandarini halijui heshima. Alikuwa anatafuta katoni moja nyeupe. Akaiona. Juu yake alikuwa amekaa mwanamume wa ovaroli yenye madoa ya mafuta, anamenya yai la kuchemsha bila haraka yoyote duniani.

"Papa, samahani, simama kidogo."

"Juu ya nini nisimame? Kiti ni yako?"

"Hii si kiti. Umekalia internet yetu."

Mwanamume aliinuka nusu, akachungulia chini ya makalio yake, akaitazama katoni, kisha akamtazama msichana. Alikuwa na macho ya mtu anayechekeshwa na mambo kabla hayajasemwa.

"Internet iko humu ndani?"

"Metre mia tatu na tano za kebo."

"Njo maana! Ndiyo maana nilisikia joto."

Huguette hakutaka kucheka. Alicheka. Na mwanamke akishacheka bandarini, mzigo wake haubebwi tena na mchukuzi. Hippolyte alimaliza yai kwa tonge moja, akajitwika katoni kichwani, akaipandisha hadi ukumbi wa parokia karibu na barabara ya Lumumba, akidai njia nzima kwamba anasikia watu wakiongea ndani yake.

Ukumbini ndipo Mama Victorine alipokuwa akifundisha mitandao ya kompyuta. Victorine alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu aliyefanya kazi ya simu Lubumbashi hadi akachoka na Lubumbashi, akarudi kwao. Alikuwa na wanafunzi kumi na wawili, kompyuta tano, na ulimi mkali. Huguette alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza kwa bidii. Asubuhi za siku nyingine alichapa barua za watu kwenye sekretaria ya mjini, lakini alikuwa amejiapiza kwamba hatafika miaka thelathini akiwa bado anachapa mawazo ya watu wengine.

Hippolyte alitua katoni, akasahau kuondoka. Alikaa benchi la nyuma.

"Mama mumoja wa Zongwe anatuma gunia ya samaki ndagala kwa dada yake Kongolo," Victorine alikuwa akieleza. "Mwenye boti anajua Kongolo?"

"Hapana," darasa likajibu.

"Anajua nini?"

"Kalemie tu."

"Na yule wa stesheni hapa?"

"Anajua treni ya Kabalo."

"Basi. Hakuna hata mumoja anayejua njia yote. Kila muntu anajua wa mbele yake tu, na ndagala inafika. Internet njo hiyo. Barua yako inakatwa vipande, kila kipande kinaandikwa namba, kinapita mikono kwa mikono."

Mkono wenye mafuta ukainuka nyuma. "Mama, na kama kipande kimoja kinapotea njiani?"

"Anayepokea anasema, sijapata ya tatu, tuma tena."

"Basi hawa ni waaminifu kuliko wenye boti. Mimi ninawajua, ninatengeneza moteri zao."

Darasa likacheka, na Victorine, ambaye hakuwa mtu wa kuchekacheka, akamwachia benchi.

Somo lililofuata lilikuwa la namba. Victorine aliwaambia wote watoe simu na watafute, ndani kabisa ya mipangilio, namba ya herufi na tarakimu kumi na mbili. "Jina la simu, muntu anaweza kubadilisha kila asubuhi. Hii namba kiwanda njo kimeandika, simu inazaliwa nayo. Simu mupya zinajua kuificha, lakini hizi zenu nyingi ni za zamani, zinasema kweli." Simu ya Hippolyte ilikuwa ya zamani hasa, kioo chake kina ufa kona hadi kona. Huguette alimwelekeza kidole kwa kidole mpaka wakaifikia ile namba, akaiandika ndani ya jalada la daftari lake. Iliishia na saba, nne, F.

"Sasa uko na namba yangu," alisema Hippolyte.

"Hii si ya kupiga, Fundi."

"Basi nipe yenye kupiga. Haiwezekani kebo ipate muntu wa kuibeba, halafu muntu huyo akose hata alo kwenye simu."

Akaipata.

Miezi mitatu iliyofuata ilipita kwa simu. Hippolyte alipiga saa za mchana akiwa juu ya maji anajaribu moteri ya mtu, upepo ukila nusu ya maneno yake. "Alo, Madame Internet. Umekula?" "Nimekula. Weye?" "Mimi nimekula mafuta ya moteri. Jioni nipitie?" "Upitie ukiwa umenawa." Alipita akiwa amenawa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe, nao walitembea hadi daraja la Lukuga wakila karanga za moto kwenye karatasi. Huko ndiko Huguette alikomweleza ruta ni nini na swichi ni nini, naye akamweleza kwa nini moteri inakohoa ikipewa mafuta machafu. Kila mmoja aliona kazi ya mwenzake ni ya ajabu kuliko yake, na sijui kama mapenzi yana dawa ya kukua inayoshinda hiyo.

Victorine alipotaka kila mwanafunzi aunganishe mahali pamoja pa kweli mjini, Huguette alichagua karakana ya Hippolyte kando ya ziwa. Alipanda ngazi mwenyewe, akapigilia kebo, akafunga ruta, kisanduku cha kugawa internet, ukutani juu ya picha ya Bikira Maria, akaunganisha kompyuta kuukuu ya mahesabu na simu ya Hippolyte mwenyewe, aliyelala chumba cha nyuma. Ufunguo wa ruta, yaani neno la siri la kuiongoza kutoka darasani, alibaki nao yeye, kwa ajili ya matengenezo. Hippolyte hakuliuliza hata mara moja.

Mwezi wa nne akasema, akiwa ameshika spana, kama mtu anayeuliza saa: "Baba mukubwa Kyungu anakuja kutoka Bendera. Jumapili nataka tukuje kwenu kujijulisha. Utasema nini?"

"Papa yangu njo ataniuliza. Utasikia siku hiyo."

Maana desturi ya nyumba ya Papa Barthélemy, baba yake Huguette, mstaafu wa reli, ilikuwa hii: wageni wa kuposa hawakai. Wanasimama hapohapo walipoingilia, na mbuzi wao nje, mpaka binti aitwe mbele ya wote na aulizwe swali moja, unamjua huyu mtu? Akisema ndiyo, wanaletewa viti. Akisema hapana, wanaonyeshwa njia, na hakuna marudio. Dada mkubwa wa Huguette aliwahi kusema hapana, na mbuzi yule alirudi Kabalo na treni.

Alhamisi kabla ya Jumapili hiyo, Victorine alidai kazi ya darasa. Kila mmoja alete orodha ya majuma matatu ya vifaa vilivyoingia kwenye mtandao aliojenga. Huguette alifungua ruta ya karakana kutoka kompyuta ya darasa, akachapa safu mbili, majina na saa. Karatasi ilipotoka, aliisoma akiwa amesimama.

Kulikuwa na kompyuta ya mahesabu, inayoingia mchana. Na kulikuwa na Elsa.

Elsa aliingia saa moja jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Jumatatu, Jumanne, kila siku, majuma matatu bila kukosa, hata Jumapili. Huguette mwenyewe alikuwa hajawahi kuvuka kizingiti cha chumba kile cha nyuma jioni, kwa sababu ya heshima na kwa sababu ya Papa Barthélemy, na kumbe kulikuwa na mwenye kuvuka. Alitoka nje ya ukumbi, akapiga simu.

"Alo, Madame Internet. Umekula?"

"Elsa ni nani?"

"Elsa gani?"

"Anayelala kwako."

Upepo wa ziwa ulivuma ndani ya simu. "Huguette, sijue muntu wa jina hilo. Hata mumoja."

"Ruta inamujua. Anaingia saa moja, anatoka asubuhi. Niko na karatasi mukononi."

Hippolyte alipojibu, sauti yake haikuwa na mchezo. "Kwa hiyo umekuwa unaniangalia ndani ya nyumba."

"Nilikuwa nafanya kazi ya darasa."

"Nilikupatia mulango upitishe kebo. Sikukupatia mulango uchungulie kitanda yangu."

"Jibu kwanza nilichouliza."

"Nimejibu. Sijue Elsa. Weye njo sikujue tena."

"Basi Jumapili musikuje," alisema Huguette, akakata.

Mtu mwenye hasira huwa hodari wa kumaliza mambo. Jioni ileile alimwambia baba yake kwamba wageni hawatakuja. Papa Barthélemy alishusha redio. "Nimwambie mama yako nini, na muhogo amekwisha kuloweka?" Ijumaa dereva wa moto, yaani pikipiki ya abiria, alileta kifurushi cha gazeti, ndani yake ruta, waya wake umekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Hakukuwa na barua. Afadhali angeutupa ovyo ule waya, Huguette aliwaza, akalia juu ya ule uzi uliofungwa kwa uangalifu zaidi ya alivyolia juu ya Elsa.

Jumamosi asubuhi alikwenda darasani hivyohivyo, na ruta mkobani. Hakuwa mtu wa kukosa somo kwa sababu ya mwanamume. Macho yalikuwa mekundu lakini nywele zilikuwa zimesukwa upya, na alikaa mbele.

Victorine alikuwa akisahihisha kwa kalamu nyekundu. Alipofika kwenye karatasi ya Huguette alisimama.

"Hii nini?"

"Orodha, Mama."

"Hii ni majina. Nimewafundisha miezi minne, unaniletea majina? Safu ya namba iko wapi?"

"Sikuichapa. Majina yalitosha."

"Yalitosha kwa nani?" Victorine aliinua karatasi karibu na miwani. "Tena kazi yenyewe si kamili. Umeandika hapa umeunganisha kompyuta na simu ya mwenye ateliye, ile karakana. Simu yake iko wapi? Kompyuta naiona. Huyu Elsa namuona. Mwenye nyumba analala hapo majuma matatu, na simu yake haijaingia hata mara moja? Unaangalia aliyeko, hauulizi asiyeko. Fundi hafanyi vile."

Huguette alivuta kiti mbele ya kompyuta iliyohifadhi ripoti yote, akafungua safu ambayo hakuichapa, akafungua na jalada la daftari lake, akaviweka sambamba. Alisoma namba ya Elsa kwa kidole, tarakimu kwa tarakimu. Iliishia na saba, nne, F.

"Mama Victorine," alisema polepole, "naomba ruhusa nitoke."

"Kufanya nini?"

"Kusahihisha."

Lori la Bendera, la kumrudisha Baba mkubwa Kyungu, lilikuwa linaondoka saa nane, na ilikuwa imeshatimia saa saba mchana. Huguette alichukua ruta chini ya kwapa, akapanda moto, akamwambia dereva asimhurumie. Walipita soko, walipita stesheni, vumbi likapaka blauzi yake nyeupe rangi ya ukuta, na njia nzima hakuogopa lori. Aliogopa uso wa Hippolyte. Kosa la jina lilikuwa na namba ya kulisahihisha. Lile la kuchungulia halikuwa nayo.

Mlangoni pa karakana alikuwa amekaa mzee mnene mwenye begi mapajani na mbuzi pembeni. Huyo ndiye Baba mkubwa Kyungu, aliyetumikia mitambo ya umeme Bendera miaka thelathini, na sasa alikuwa na njaa.

"Shikamoo, Baba mukubwa."

"Marahaba. Kama weye njo yule mutoto, ujue nimepanda lori siku nzima na mbuzi huyu ananikanyaga vidole. Sikuji mara ya pili. Nimekwisha kusema."

"Nimesikia, Baba."

Ndani, Hippolyte alikuwa ameinamia moteri ya boti. Hakuinua kichwa. Huguette aliona mabega yake yameshtuka, akajua amesikika.

"Fundi, hii moteri ni ya boti gani?"

Kiburi cha kazi kikamshinda, kama kinavyowashinda mafundi wote. "Ya Upendo."

"Mwaka jana ilikuwa ya boti gani?"

"Ya Asante Mungu. Iliuzwa."

"Unajua namna gani ni ileile?"

"Namba imepigwa kwenye chuma. Boti unaweza kupaka jina lolote, moteri haijali." Ndipo alipoinua kichwa. "Umekuja kununua moteri?"

"Nipe simu yako."

Alisita, akaifuta kwenye ovaroli, akaitoa. Huguette aliingia kwenye mipangilio, akashuka mpaka mahali ambapo simu inajitaja yenyewe, akamrudishia. "Soma kwa sauti."

Hippolyte alisogeza kioo chenye ufa kwenye mwanga. Midomo yake ikatangulia, sauti ikafuata. "Jina la kifaa. Elsa."

"Elsa ni nani?" aliuliza Baba mkubwa Kyungu kutoka mlangoni.

Hippolyte aligeukia mlangoni. "Ni mimi."

Mbuzi akalia. Hippolyte aligeuza simu nyuma na mbele kama mtu anayekagua noti. "Niliinunua kwa mufanyabiashara wa Kigoma, miaka miwili sasa. Alisema ilikuwa ya binti mumoja. Kumbe alisahau jina lake humu." Alianza kucheka, akajizuia, akamtazama Huguette. "Miaka miwili naitwa Elsa na hakuna muntu aliniambia."

"Nilikuwa na namba yako kwenye kaye, daftari yangu," alisema Huguette. "Sikuangalia. Niliona jina, nikakuhukumu. Hilo ni kosa la kwanza, nisamehe. La pili ni kubwa. Ufunguo wa ruta ulinipatia nitengeneze. Saa na majina nilichapa kwa kazi, hiyo ni kweli. Lakini nilipoona Elsa, sikusoma tena kama fundi. Nilisoma kama muntu anayechungulia. Ulikuwa na haki ya kukasirika, na ninakupenda, na nimeona haya."

"La kwanza linachekesha," Hippolyte alisema. "La pili halichekeshi."

"Najua."

Alitua ruta juu ya meza, akafungua ule uzi, akaunganisha waya. Taa zake ndogo zikawaka moja baada ya nyingine. Alifungua kwenye kompyuta ukurasa wa kubadilisha neno la siri, akamsogezea kiti. "Andika jipya. La kwako peke yako. Mimi nitaangalia ziwa."

Akamgeuzia mgongo. Nje maji yalikuwa ya kijani karibu na ya buluu mbali, na wanawake walikuwa wakianika ndagala mchangani. Nyuma yake vidole viwili vilikuwa vikidonoa kibodi, taratibu.

"Umemaliza?"

"Bado. Ni refu."

Akaendelea kuangalia ziwa. Ufunguo ulikuwa unatoka mikononi mwake, na kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alivuta pumzi ikafika chini.

"Nimemaliza," alisema Hippolyte. "Na ikiharibika?"

"Utaniita. Utafungua mwenyewe, halafu nitaingia."

Lile tabasamu la Hippolyte linalotangulia maneno likarudi. "Umekula?"

"Tangu juzi sijakula."

"Hata mimi," alidakia Baba mkubwa Kyungu. "Elsa, tafutia bantu chakula. Na uone mahali pa kufunga mbuzi, lori nimelisikia linaenda."

Jumapili nyumba ya Papa Barthélemy ilijaa mpaka uani. Muhogo wa mama ulikuwa umepata kazi, na Victorine alikaa safu ya wanawake, amejifunga kilemba cha zambarau. Wageni walisimama mstari mmoja mlangoni kama desturi ilivyotaka. Hippolyte alikuwa amevaa suti ya kijivu na tai, ameoga kwa nguvu, lakini chini ya ukucha wa gumba ulibaki mstari mweusi wa mafuta ambao hakuna sabuni ya Kalemie ingeutoa.

Huguette aliitwa. Alitoka ndani na kitenge chake kipya, kijani chenye maua ya manjano, kilichoshonwa gauni lisilo na mikono, akatembea bila haraka hadi katikati.

"Mutoto yangu," alisema Papa Barthélemy, "Alhamisi uliniambia wasikuje. Jana uliniambia wakuje. Mimi nimefanya kazi ya reli, treni haiendi mbele na nyuma kwa safari moja. Sasa nakuuliza mara moja tu. Unamujua huyu muntu?"

Huguette alimtazama Hippolyte kuanzia viatu, akapanda, akapita kwenye ule ukucha, akafika machoni.

"Namujua, Papa. Hata akikuja na jina lingine, nitamujua."

Katika safu ya wanawake Victorine aliangua kicheko peke yake, ikabidi amnong'oneze mama wa Huguette sababu. Baba mkubwa Kyungu alikohoa ndani ya kitambaa kwa muda mrefu kuliko kikohozi chochote kinavyohitaji. Papa Barthélemy aliwatazama wote, akaona hapa pana neno asilolijua, akaona pia kwamba binti yake hatetemeki.

"Basi," alisema, "waletewe viti."

Viti vikaletwa, wageni wakakaa mmoja mmoja kwa umri. Hippolyte alikuwa wa mwisho. Alishika kiti chake kwa mkono, akamtazama Huguette, na kabla ya kukaa akachungulia kwanza chini yake.